Mshahara Ulioombewa

Kalondu alisema "Amina" pamoja na wengine, kwa sauti, kama alivyozoeshwa tangu utotoni. Alipofumbua macho ndipo maneno ya ile sala yalipomrudia, moja baada ya jingine.

Mwalimu Nzioka, mwenyekiti wa kamati ya mradi wa maji wa kanisa, alikuwa ameomba kwa kirefu kama kawaida yake. Aliwaombea wagonjwa, akaombea mvua, akaombea bei ya ndengu sokoni Kyuso. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. "Na tunakushukuru, Baba, kwa binti yetu Kalondu, ambaye umempa moyo wa kukubali kutumika nasi sasa kwa kudumu, kwa mshahara ule ule wa kandarasi, bila marupurupu, kwa kuwa umemwonyesha kwamba kazi yako haipimwi kwa shilingi."

Kamati nzima ikaitikia Amina. Kalondu naye akaitikia.

"Basi," Mwalimu alisema akivaa miwani yake, "hilo limekwisha. Ijumaa pasta atatuletea karatasi, utie sahihi. Mama Syombua, chai iko tayari?"

Chai ilikuwa tayari. Vikombe vikapita, Mzee Kiema akaanza kulalamika kwamba sukari ya siku hizi haina utamu, na Kalondu akabaki ameshika kikombe chake bila kunywa. Alikuwa amekuja na hoja zake kichwani. Kwa wiki nzima alikuwa amezipanga, akizisema peke yake akiwa njiani, akijibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Alidhani wangeomba kwanza, halafu wazungumze. Hakujua kwamba kuomba ndiko kulikuwa kuzungumza kwenyewe.

Ilikuwa miaka ya themanini, na miaka miwili ilikuwa imepita tangu alipotoka chuo kikuu na shahada yake ya kilimo na kuja Kyuso. Kanisa lilimchukua kwa kandarasi ya miezi mitatu mitatu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia akina mama wa mwethya, wale wanaofanya kazi kwa pamoja bila kulipwa, kujenga kuta za mawe na saruji katikati ya mito mikavu. Mvua ikija, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki humo chini mito mingine ikiwa imekwisha kukauka. Mara ya kwanza alipochimba mchangani kwa mkono wake wakati wa kiangazi, akaona maji yakichipuka, baridi, alilia mbele za watu na hakuona haya. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Lakini kandarasi ilikatika kila mvua iliponyesha na watu kurudi mashambani. Na huko Kilungu, upande wa Makueni, mama yake alikuwa analala jikoni kwa shemeji yake tangu alipofiwa na mumewe, akipika na kuteka maji kama mtumishi katika boma alilolijenga kwa mikono yake, ambalo sasa lilikuwa la shemeji huyo. "Nikiandikwa kazi tu, mwaitu, mama yangu," Kalondu alikuwa amemwambia Krismasi iliyopita, "nitakuja kukuchukua." Mama yake alikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Sasa alikuwa ameandikwa kazi, na hakuwa na uwezo wa kumchukua mtu yeyote.

Alipoachana na kamati hakuweza kurudi chumbani kwake. Alitembea kutoka mwisho mmoja wa soko hadi mwingine, akarudi, kisha akajikuta mbele ya duka la Mursal. Mursal alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyezeeka akaamua kuuza sukari na nguo, na nyuma ya duka lake kulikuwa na vyumba viwili vyenye tangi la maji la peke yake. Kalondu alikuwa amemwomba amwekee vyumba hivyo, kwa ajili yake na mama yake.

"Binti wa maji!" Mursal alipaza sauti. "Umeandikwa?"

"Nimeandikwa, Mzee."

"Mashallah! Mbona uso kama wa mtu aliyepotelewa na ngamia?"

"Ni uchovu tu."

"Uchovu." Mursal aliegemea kaunta. "Wamekupa ngapi?"

"Ile ile."

"Ile ile! Na wewe ukasema nini?"

Kalondu alitazama pembeni. "Nikasema Amina."

Mursal alicheka hadi akashika mizani yake isianguke. "Wallahi! Mimi nimeuza mbuzi kutoka Tseikuru mpaka Garissa. Nimepunjwa na wageni, nimepunjwa na majirani, nimepunjwa na ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini hakuna hata mmoja aliyenifanya niseme Amina." Alipoona macho ya Kalondu yameanza kulowa, aliacha kucheka ghafla, akampimia njugu kiganjani bila kuulizwa. "Sikiliza, mwanangu. Vyumba nitakuwekea mpaka Ijumaa jioni. Kuna mnunuzi wa ng'ombe anavitaka, na pesa anazo mkononi. Nikimwambia kuna binti anamngoja mama yake, atanisikia mara moja tu. Hatanisikia mara ya pili."

Kesho yake walikuwa mtoni. Akina mama walikuwa wamejipanga mstari kutoka ng'ambo hadi kwenye ukuta, wakipokezana mawe na kuimba. Syombua, mweka hazina wa kamati, ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Kalondu alijaribu kupima kimo cha ukuta, akapima vibaya, akapima tena. Kamba ya kupimia ilimponyoka mara kadhaa.

"Wewe leo una nini?" Syombua alimwuliza wakati wa kupumzika. "Unapima kama mtu anayefukuza kuku."

Kalondu akamweleza. Alidhani angeshangaa. Syombua alipiga makofi na kuwageukia wenzake.

"Aiya! Na huyu naye ameombewa!"

Kicheko kikaenea kwenye mchanga wote. Mama mmoja aliyeitwa Kavata alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Mimi aliniombea kipande cha shamba, pale bomba lilipopita. Nilikuwa nataka wanilipe fidia, nimekuja na maneno yangu yote. Nilipofumbua macho, bomba lilikuwa limeshapita."

"Yule mzee sauti yake ikishuka," mwingine akasema, "shika mfuko wako."

"Na kwa nini hamumwambii?" Kalondu aliuliza.

"Umwambie nini?" Syombua akasema. "Kwamba ile Amina yako hukuimaanisha? Mbele ya kanisa?"

Kisha Syombua akasogea karibu, akashusha sauti ingawa wote walikuwa wanasikia. "Lakini kuna njia. Ijumaa, kabla hujatia sahihi, atakwambia uombe. Vijana wote huwaambia hivyo. Basi wewe omba! Sema, 'Tunakushukuru, Baba, kwa kuigusa mioyo ya kamati hii, wakaongeza mshahara na kurudisha marupurupu.' Mimi nitaitikia. Mzee Kiema huitikia chochote, hata akiwa usingizini. Mwalimu mwenyewe ataitikia kabla hajajua ameitikia nini."

"Amina!" Kavata akapaza sauti, na wote wakaanguka kwa kicheko.

Kalondu alicheka pamoja nao. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Alicheka, na lile jambo likamwingia. Jioni akirudi alijaribu sentensi ile kwa sauti ndogo, akabadilisha neno hapa na pale, akaongeza "kwa rehema zako" mahali ilipofaa, na ilipotoka vizuri alijiogopa. Ilikuwa sala nzuri. Mtu yeyote angeiitikia.

Akamkumbuka mama yake jikoni Kilungu, amepiga magoti kati ya mafiga na gunia la mahindi. Mama yake hakuwa na kawaida ya kuomba vitu. Alikuwa anataja majina ya watoto wake tu, kwa utaratibu, kila jina akilipa muda wake, kana kwamba anawahesabu wasije wakapotea njiani. Kalondu alikuwa anajua zamu ya jina lake ilipokaribia, na hata alipokuwa mkubwa, ametoka chuoni, alikuwa anazuia pumzi hadi litajwe. Angewezaje kupiga magoti kando ya mama huyo akijua kwamba nyumba waliyomo aliipata kwa ujanja wa kufumba macho? Lakini bila ujanja huo, je, kungekuwa na nyumba yoyote ya kupigia magoti?

Alhamisi aliamua ataomba ile sala. Baadaye akaamua hataiomba. Ijumaa asubuhi, akifunga viatu, hakuwa na uamuzi wowote.

Pasta Mulei alifika alasiri kwa pikipiki kutoka Kitui, vumbi limemshika hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Aliweka karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake, akatazama saa. Kamati ilikuwa imekaa kamili. Mwalimu Nzioka alisimama, akamtazama Kalondu kwa uso wa baba siku ya kumwoza binti.

"Kabla hujatia sahihi, binti yetu, utuongoze kwa maombi."

Viti vikalia. Vichwa vikainama vyote kwa pamoja.

Kalondu alisimama, lakini hakufumba macho. Hakuwahi kuwaona hivyo. Mzee Kiema alikuwa tayari amelala, mdomo wazi kidogo. Pasta alikuwa na tope kwenye soksi moja. Kola ya shati la Mwalimu ilikuwa imegeuzwa, ule upande uliochakaa umeshonwa ndani na upande mzima kutolewa nje, kushonwa kwa mkono, mishono mikubwa ya mwanamume. Syombua pekee alikuwa amefumbua jicho moja, na nyusi zake zilikuwa zinasema, anza, anza.

"Baba yetu," Kalondu akasema.

Sentensi ilikuwa pale pale, tayari, imepangika neno kwa neno. Akafungua mdomo, ikakataa kutoka. Kwenye bati la paa kunguru alitembea.

"Ndiyo, Bwana," Pasta Mulei akanong'ona, kumtia moyo.

"Samahani," Kalondu akasema. "Naomba mfumbue macho."

Vichwa vikainuka kimoja kimoja, kama vya watu wanaoamshwa kwenye basi. "Kuna nini?" Mwalimu aliuliza kwa wasiwasi wa kweli. "Umeugua?"

"Sijaugua, Mwalimu. Nilikuwa na jambo la kuomba, nikaona si la kumwomba Mungu. Ni la kuwaomba ninyi." Akashika ukingo wa meza. "Ni huu mshahara."

"Mshahara ulipita Jumanne. Uliitikia."

"Niliitikia. Sikumaanisha."

"Asi!" Mzee Kiema akaruka kwa mshtuko, usingizi wote umemtoka.

Mwalimu Nzioka aliketi polepole. "Unasema nini, binti? Kwamba ulimdanganya Mungu humu ndani?"

"Nasema niliitikia kabla ya kusikiliza, kwa mazoea. Hilo ni kosa langu, nami nitaliombea msamaha peke yangu." Sauti yake ilipanda, akairudisha chini. "Lakini na wewe, Mwalimu, ulimwambia Mungu kwamba nimekubali. Na ulikuwa hujaniuliza."

Syombua alitazama mikono yake. Pasta aliigeuza karatasi, akaiangalia nyuma, ambako hakukuwa kumeandikwa kitu. Uso wa Mwalimu ulikuwa umebadilika rangi, na Kalondu, ambaye hakuwahi kubishana na mtu aliyemzidi umri maishani mwake, alitamani sana kusema kwamba amekosea, kwamba basi, yaishe, wampe kalamu.

"Unataka ngapi?" Pasta ndiye aliyeuliza.

"Elfu mbili na mia tano kwa mwezi, badala ya elfu moja na mia tano za sasa."

Ulimi wake ulikuwa tayari kuongeza kwamba hata pungufu ya hizo si vibaya. Akayameza maneno hayo, na yalikuwa machungu kuyameza.

"Hiyo ni bei ya fahali!" Mzee Kiema akasema.

"Fahali hajengi ukuta, Mzee," Syombua akasema. "Mwacheni aeleze."

"Mimi naeleza," Mwalimu akaingilia, sauti imekauka. "Kibarua hulipwa vizuri kwa sababu hana kesho. Mtu wa kudumu ana kesho. Mimi nilianza kufundisha chini ya mti, kwa mshahara ambao leo usingenunua hata ubao wenyewe, na sikulalamika."

"Najua, Mwalimu. Na sisi sote tulisoma kwa sababu yenu." Kalondu alikuwa anamaanisha hilo, na sauti yake ikaonyesha. "Lakini fikirini. Nikiandikwa, natoka kwenye chumba cha wageni cha kanisa nikalipe kodi, maana hicho ni cha watu wa kandarasi. Makato yanaanza. Mshahara wangu unakwenda kwa karo ya mdogo wangu, na marupurupu ndiyo yaliyokuwa yananilisha, sasa hayapo. Kwa hiyo siku mtakayoniandika, nitakuwa na kidogo kuliko nilipokuwa kibarua wenu. Mama yangu analala jikoni kwa watu, Mwalimu. Nilimwahidi. Nikishindwa kumleta hapa, itabidi nimfuate nikatafute kazi huko Makueni. Sitaondoka kwa hasira. Lakini nitaondoka."

Mwalimu alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi na mtu wa kawaida zaidi. Akaifuta kwa pindo la koti, muda mrefu, kuliko miwani yoyote inavyohitaji.

"Hamjui kwa nini naomba hivyo," akasema hatimaye. "Mnadhani ni ujanja. Nasikia mnavyocheka huko mtoni, mimi si kiziwi. Wafadhili wetu wameniambia pesa ni za uhakika kwa mwaka mmoja tu. Baada ya hapo, hawajui. Nikiliweka jambo la mshahara hapa mezani, mtaniuliza pesa zitatoka wapi, na mimi sina jibu. Nikiomba, hakuna anayeniuliza."

"Mwaka mmoja?" Syombua akageuka na kiti chake. "Sasa hilo neno 'kudumu' limetoka wapi?"

"Nilitaka abaki," Mwalimu Nzioka akasema.

Alilisema kwa unyonge kiasi kwamba Kalondu alilazimika kutazama dirishani. Hasira aliyokuwa ameibeba tangu Jumanne ilimtoka, na mahali pake hapakuja utulivu. Ilikuja hofu nyingine mpya. Kwa hiyo hata hiyo kazi ya kudumu haikuwepo. Kulikuwa na mwaka, na mzee aliyeficha mwaka huo nyuma ya sala ili msichana asiogope.

"Ningebaki hata kama mngeniambia," akasema. "Mwaka mmoja wa kweli ningeuchukua. Miezi yote kumi na miwili, mvua na kiangazi. Lakini nataka nijue ninachochukua."

"Na pesa?" Pasta akauliza, akitazama saa tena, lakini sasa kwa aibu.

"Mradi unaweza elfu mbili," Mwalimu akasema. "Zaidi ya hapo nitakuwa naomba tena."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

"Na marupurupu," Syombua akasema. "Kuna zile pesa za kioski cha maji. Kila wiki tunakusanya sarafu za mitungi, zinaingia kwenye kasha la kamati, na zinatoka vipi? Chai. Mkate. Sukari. Siku anazokwenda mtoni, alipwe kutoka hapo."

"Chai yetu?" Mzee Kiema akauliza.

"Ndiyo, Mzee. Chai yako."

Mzee Kiema alifikiri. Alitazama birika lililokuwa dirishani, akamtazama Kalondu, akatazama birika tena. "Hata ya leo?"

"Ya leo imeshapikwa."

"Basi mpeni," akasema.

Kalondu alifanya hesabu kichwani, akaifanya tena. Haikuwa aliyoitaka. Nyama ingekuwa ya sikukuu, na mwaka ungekwisha kabla hajauzoea. Lakini vyumba viwili vilikuwemo, na tangi, na mlango ambao mama yake angeufunga mwenyewe kutoka ndani.

"Nimekubali," akasema, na safari hii alilisikia neno hilo likitoka.

Pasta akakata zile tarakimu, akaandika nyingine juu yake, akakata na neno "kudumu", akaandika "mwaka mmoja, kisha kuzungumza tena". Wakatia sahihi wote. Kisha kukatokea jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kikao kilikuwa kimekwisha na hakikuwa kimefungwa. Hakuna aliyethubutu kusema tuombe, na hakuna aliyejua kuondoka bila kuomba. Walisimama, wakaketi, wakasimama tena. Pasta alivaa glovu zake za pikipiki, akazivua. Syombua akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Mwishowe Mwalimu Nzioka alichukua kofia yake akatoka nje wa kwanza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Kalondu akamfuata. Alimkuta uani, kando ya mapipa ya saruji, anatazama barabara.

"Ungeniambia kabla ya Jumanne," Mwalimu akasema bila kugeuka.

"Ungeniuliza kabla ya Jumanne, Mwalimu."

Mwalimu aliendelea kutazama barabara, na Kalondu alidhani ameharibu kila kitu, kwamba mzee huyu hatamwita tena binti yetu, na labda alikuwa na haki.

"Mama yako anaitwa nani?" akauliza.

"Mutindi."

"Mutindi." Alilirudia kama mwalimu anayeita majina darasani. "Vyumba vya Mursal vinavuja upande wa nyuma, pale bati lilipopasuka. Mwambie atengeneze kwanza, ndipo ulipe. Usimlipe kabla."

Akavaa kofia, akashika njia ya nyumbani, anatembea kwa haraka kidogo kuliko umri wake. Kalondu hakujua kama huo ulikuwa msamaha au ni ushauri tu. Alitaka kumkimbilia na kumwuliza. Lakini upande wa soko vumbi la ng'ombe wa yule mnunuzi lilikuwa limeanza kupanda, na jua lilikuwa linateremka. Akajifunga leso vizuri, akaanza kukimbia kuelekea dukani.